Ludo: Mchezo wa kete na dadu unaojaza siku za mbalamwezi mialoni

MWEZI unapokaribia kuwa mpevu juu ya Ziwa Victoria, wavuvi wa dagaa wa Mkoa wa Mwanza huanika nyavu zao na kubaki nchi kavu. Uvuvi wa dagaa hutegemea giza. Taa huwashwa majini, dagaa huifuata nuru, kisha wavu huvutwa kutoka chini yao. Mbalamwezi ikitanda, nuru ya taa hupoteza nguvu, na kwa siku kadhaa kila mwezi mitumbwi hulala mchangani.

Siku hizo za kungoja ndizo siku za michezo. Katika mialo ya Ilemela, Magu, Sengerema na Ukerewe, chini ya miti na ndani ya vibanda, huchezwa karata, drafti na bao. Pamoja na hiyo upo ubao wa rangi nne ambao jina lake ni moja tu kutoka Mwanza hadi Kisumu na Kampala: ludo.

Mchezo huo una wakosoaji wa aina mbili. Wapo wapenzi wa bao wanaouona kuwa ni wa watoto, kwa sababu dadu ndiyo inayoamua hatua na si mchezaji. Wapo pia wanaouona kuwa ni kamari na hawataki kuusikia nyumbani kwao.

Hoja ya kundi la pili ina uzito wake mwaloni. Mvuvi hulipwa kwa mgawo wa kilichovuliwa. Usiku asioingia ziwani hana mgawo. Kwa hiyo shilingi anayoiweka kando ya ubao wakati wa mbalamwezi ni ile iliyobaki kutoka giza lililopita, na mara nyingi ndiyo iliyotengwa kwa ajili ya unga. Ndiyo maana swali la kama ludo ni mchezo wa akili au wa bahati huulizwa kwa ukali zaidi ufukweni kuliko sebuleni.

Kete iliyokuwa dadu

Kiswahili kina neno kete, na neno hilo lina maana zaidi ya moja. Kete ni kauri ndogo ya pwani, yule mdudu wa baharini mwenye gamba la kung'aa lenye mgongo wa mviringo na mdomo mwembamba uliochongoka meno. Kete ni pia kitu chochote kidogo kinachochezewa ubaoni, iwe punje ya bao au kipande cha plastiki cha ludo. Kurasa za michezo za magazeti nazo hupenda kuandika kwamba timu fulani inatupa kete yake Jumamosi, ingawa mcheza ludo anajua vema kwamba kinachotupwa ni dadu, na kete hutembezwa.

Hata hivyo, katika mchezo uliomzaa ludo, kete ndizo zilizotupwa.

Asili ya ludo ni India. Huko upo mchezo wa kale uitwao pachisi, jina linalotokana na neno lenye maana ya 25. Uwanja wake ni msalaba, mara nyingi wa kitambaa kilichotariziwa, wenye mikono minne. Kila mkono una safu tatu za miraba minane, yaani miraba 96 kwa jumla ukiacha chumba cha katikati. Wachezaji ni wanne, wawili dhidi ya wawili, na kila mtu huketi mkabala na mwenzake.

Mchezaji wa pachisi hurusha kauri sita, sehemu nyingine saba, kisha huhesabu ngapi zimeanguka mdomo juu. Midomo miwili ni hatua mbili, mitatu ni tatu, na kuendelea hivyo hadi sita. Mdomo mmoja peke yake ni hatua 10. Zote zikilala kifudifudi, bila mdomo hata mmoja kuonekana, mchezaji amepata 25, mtupo mkubwa kuliko yote na ndio uliotoa jina.

Mfalme Akbar wa dola ya Mughal, aliyetawala kuanzia 1556 hadi 1605, aliacha uwanja wa pachisi kwenye sakafu ya mawe ya ua wa kasri lake mjini Fatehpur Sikri. Inasimuliwa kwamba kete zake zilikuwa wajakazi waliovaa mavazi ya rangi, wakihama mraba hadi mraba kadiri kauri zilivyoanguka. Mwandishi wa baraza lake, Abul Fazl, aliueleza chaupar, ndugu wa pachisi, unaotumia kete 16 na dadu ndefu tatu badala ya kauri.

Wahindi wenyewe hawakuwahi kusahau hatari ya dadu. Katika Mahabharata, utenzi wao mkubwa wa kale, mfalme Yudhishthira anapoteza mali, ufalme, ndugu zake, nafsi yake na hatimaye mkewe Draupadi katika kamari ya dadu. Kamari hiyo haikuwa pachisi kama inavyojulikana leo, lakini kila anayekataza dadu nchini India huanza na kisa hicho.

Kauri zilizorushwa India zilivunwa katika Bahari ya Hindi, hasa visiwa vya Maldivi. Upande huu wa bahari kauri zilikuwa na kazi nyingine. Mwingereza John Hanning Speke alipoliona ziwa kutoka upande wa Mwanza, Agosti 3, 1858, kauri zilikuwa tayari ni fedha kaskazini mwa ziwa hilo hilo, katika Buganda, zikiwa zimefikishwa huko na misafara ya biashara kutoka pwani. Katika karne hiyo hiyo, kampuni za Hamburg, miongoni mwao O'Swald, zilijaza meli kauri za Zanzibar na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako nako zilikuwa fedha. Waganda wanaita fedha ensimbi hadi leo, na simbi kwa Kiswahili ni kauri.

Kwa maneno mengine, kitu kimoja kiliamua mwendo wa mchezo ng'ambo ya bahari na kikalipia ndizi na mbuzi kando ya ziwa.

Njia ya kuja ziwani

Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza Alfred Collier alisajili hataza ya mchezo aliouita Royal Ludo. Neno ludo ni la Kilatini na maana yake ni "ninacheza". Collier aliubakiza msalaba wa pachisi lakini akapunguza miraba, akaondoa kauri, na mahali pake akaweka dadu moja ya pande sita inayotikiswa ndani ya kikombe. Pia mwelekeo ulibadilika: kete za pachisi huzunguka kinyume cha mishale ya saa, za ludo huifuata mishale hiyo. Wamarekani walikuwa wamemtangulia, kwa kuwa jina Parcheesi lilisajiliwa kwao kama alama ya biashara tangu 1874.

Wajerumani, waliokuwa watawala wa Mwanza wakati huo, walichelewa kidogo. Josef Friedrich Schmidt wa Munich alibuni toleo lake kati ya 1907 na 1908, akaanza kulitengeneza kwa wingi mwaka 1914. Jina alilolipa lina maana ya "Mwanadamu, usikasirike", ushauri ambao mwaloni haufuatwi sana. Vita vilikuwa vimeanza, na Julai 1916 Waingereza waliichukua Mwanza.

Njia za mchezo kufika ziwani zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Wahindi. Reli ya Uganda ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901, na meli zikaiunganisha na bandari za Mwanza, Bukoba na Entebbe. Wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Gujarat na Kachchi, walifungua maduka katika bandari hizo na baadaye vinu vya kuchambulia pamba ya Usukuma. Kwao mchezo wa msalaba ulijulikana kwa jina la chopat. Njia ya pili ilikuwa ya Waingereza wenyewe, ambao ludo ya boksi ilikuwa mchezo wa familia zao. Tawi la reli kutoka Tabora lilipofika Mwanza mwaka 1928, bidhaa za dukani zikawa na njia fupi ya kutoka Dar es Salaam.

Mchezo ulikuta wenyeji wana yao. Wasukuma wana isolo, Waganda wana omweso, Wajaluo wana ajua, na yote ni ya jamii ya bao: mashimo, punje na hesabu ya kichwa. Hakuna dadu ndani yake. Pengine hapo ndipo ilipozaliwa dharau ya wacheza bao, kwa kuwa katika bao aliyeshindwa hana wa kumlaumu.

Namna unavyochezwa

Ubao wa ludo ni mraba uliogawanywa miraba midogo 15 kwa 15. Pembe nne ni nyumba za rangi nne, kwa kawaida nyekundu, kijani, njano na bluu. Kati ya nyumba hizo unapita msalaba wa safu tatu tatu. Njia ya nje inayozunguka msalaba huo ina miraba 52, na kila rangi ina kichochoro chake cha miraba mitano kinachoelekea kituo cha katikati.

Kila mchezaji ana kete nne, zote zikiwa zimefungiwa nyumbani. Kete haitoki mpaka dadu ionyeshe sita. Ikishatoka husimama kwenye mraba wake wa kuanzia, huzunguka uwanja, kisha huingia kichochoroni na kufika katikati. Kutoka mraba wa kuanzia hadi kituo ni hatua 56. Atakayefikisha kete zote nne wa kwanza ndiye mshindi, na wengine huendelea kugombea nafasi zilizobaki.

Sita humpa mchezaji mtupo wa ziada. Kete ikiangukia mraba wenye kete ya mpinzani, huila, na iliyoliwa hurudi nyumbani kungoja sita nyingine. Sehemu nyingi, anayekula naye hupewa mtupo wa ziada. Kete mbili za rangi moja zikisimama mraba mmoja huwa ukuta, na kwa wachezaji wengi ukuta haupitiki. Kuingia kituoni kunahitaji namba kamili; aliyebakiza hatua mbili akapata tano husubiri.

Kanuni hizo hazifanani kila mahali, na ugomvi mwingi wa ludo hutokana na kutokukubaliana kabla ya kuanza. Je, dadu ni moja au mbili? Je, sita tatu mfululizo hufuta mtupo? Je, mwenye kete ya kula anaruhusiwa kuacha? Je, kete ikiwa kwenye mraba wake wa kuanzia inalika? Wachezaji makini huyamaliza maswali hayo kabla dadu haijatikiswa.

Hali kadhalika hukagua dadu yenyewe. Dadu halali ina pande zinazokabiliana zenye jumla ya saba: sita mkabala na moja, tano na mbili, nne na tatu. Yenye upande uliotiwa uzito haionekani kwa macho, ila ikielea kwenye maji yaliyokolea chumvi na kuzungushwa kwa kidole, upande ule ule hurudi juu kila mara.

Bahati na akili

Hesabu inawapa haki kidogo wacheza bao. Kete nne zikitembea hatua 56 kila moja ni hatua 224. Wastani wa dadu moja ni tatu na nusu, hivyo kumaliza mchezo kunahitaji mitupo ipatayo 64, hata kama hakuna kete iliyoliwa njiani na bila kuhesabu muda wa kungoja sita. Na kungoja huko kunachosha. Kwa dadu moja, watu 58 katika kila 100 hawapati sita ndani ya mitupo mitatu ya kwanza, na takribani mmoja katika sita bado hajaipata baada ya mitupo 10. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa bingwa wa akili na bado akatazama wenzake wakizunguka.

Ukichezwa kwa dadu mbili, kungoja hupungua. Anayekosa sita katika mitupo mitatu ni mmoja tu katika watatu. Lakini faida kubwa ya dadu ya pili ni kwamba inafungua mlango wa akili.

Kwa dadu moja, kete iliyosimama mbele ya mpinzani kwa hatua moja na iliyosimama mbele yake kwa hatua sita zina hatari ile ile, yaani moja katika sita. Hakuna cha kuchagua isipokuwa kukimbilia hatua ya saba na kuendelea. Kwa dadu mbili, ambapo mpinzani anaweza kutumia dadu ya kwanza, ya pili au jumla yake, mambo hubadilika. Kati ya mitupo 36 inayowezekana, 11 humpiga aliye hatua moja mbele, 12 aliye hatua mbili, na idadi hupanda moja moja hadi 16 kwa aliye hatua ya sita. Kwenye hatua ya saba huanguka ghafla hadi sita.

Hivyo mchezaji anayeijua hesabu hiyo, akilazimika kusimama mbele ya adui, atasogea karibu kabisa au ataruka hadi ya saba. Asiyeijua hupenda kusimama hatua tano au sita mbele akidhani yuko mbali. Anayecheza kila mbalamwezi kwa miaka mingi huijua bila kuwahi kuiandika.

Uchaguzi mwingine ni wa kete ipi isogezwe. Anayekimbiza kete moja hadi kituoni huku tatu zimelala nyumbani hubaki bila la kufanya kila dadu inapogoma. Anayetoa kete nyingi mapema ana machaguo, ila ana mengi ya kuliwa. Ukuta uliojengwa mbele ya nyumba ya mpinzani huweza kuigeuza sita yake kuwa hasara.

Kwa hiyo katika mchezo mmoja bahati hutawala, na katika michezo 50 kati ya watu wale wale akili huanza kuonekana. Tatizo ni kwamba fedha ya unga huwekwa kwenye mchezo mmoja.

Fedha ubaoni

Sheria ya Tanzania haijishughulishi na hesabu hizo. Michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, Sura ya 41, kupitia Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Anayetaka kuendesha mchezo wa kuwekeana fedha sharti awe na leseni, na aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kushiriki. Ludo ya bure ni burudani, lakini noti ikiwekwa kando ya ubao hali hubadilika. Kabla ya hapo, Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 iliwalenga watu wasio na kazi maalumu, na kuonekana umekaa na dadu mchana hakukuwa ushahidi mzuri wa kuwa na kazi, hata kwa mvuvi aliyefanya kazi usiku.

Kwa Waislamu, wanazuoni wengi wamekataza michezo ya dadu hata pasipo fedha, wakitegemea hadithi za Mtume zinazokemea mchezo wa nardi. Wapo wanaoona kwamba kinachokatazwa ni kamari yenyewe.

Simu ziliufikisha mchezo kwa watu wasiomiliki ubao. Programu ya Ludo King, iliyotengenezwa Mumbai na kampuni ya Gametion, ilitolewa mwaka 2016 na ikavuma zaidi mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Fedha zilifuata huko pia. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Bombay ilipelekewa swali lile lile la mwaloni, yaani kama ludo ya fedha kwenye simu ni ustadi au bahati. Agosti 2025 Bunge la India lilikata mzizi kwa kupitisha sheria ya kupiga marufuku michezo yote ya fedha mtandaoni, iwe ya ustadi au ya bahati.

Kwenye ubao wa kawaida, hata dadu si ya lazima. Ubao huchorwa kwa kalamu na rula juu ya kipande cha boksi. Dadu ikitumbukia majini, hesabu ya pachisi inatosha kuendeleza mchezo: kauri sita kwa aliye nazo, au visoda sita vya chupa, kwa kuhesabu vilivyolala na tundu juu. Vikiwa vinaanguka sawasawa pande zote mbili, katika kila mitupo 64 tatu hutokea mara 20, mbili na nne mara 15 kila moja, tano na 10 mara sita kila moja, sita mara moja, na 25 mara moja.